Mama muuza samaki alivyonifundisha kusoma ampuli ya kwinini

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Yangekuwa ya kutunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya uporaji, nchi bado inaitwa Zaire. Maduka yalivunjwa, viwanda vikafungwa, bohari ya dawa ikabebwa mpaka milango. Mimi nilikuwa muuguzi kijana kwenye zahanati moja pembeni mwa mji, upande wa Kasungami. Koti jeupe limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Mtaani waliniita Docta, na sikuwasahihisha.

Kabla ya hapo dawa zetu zilitoka sehemu moja tu, miaka nenda rudi. Ampuli ya kwinini ilikuwa ileile. Kwa hiyo hatukuhesabu miligramu. Tulihesabu ampuli, kama mtu anavyokata mkate: mtu mzima mbili, mtoto mkubwa moja, mtoto mdogo nusu.

Shuleni tulifundishwa hesabu ya kilo. Ila nani alikuwa na muda?

Baada ya uporaji, kabati letu likabaki na pamba na mende. Kila familia ikawa inajitafutia dawa, wengine sokoni, wengine kwa wachuuzi wanaovuka mpaka pale Mokambo.

Hapo ukazuka mtindo ulionikera sana: ndugu wa mgonjwa wanadai ampuli tupu. Ukimaliza, unawarudishia chupa, wahakikishe dawa imeingia kwa mgonjwa wao na haijaenda kuuzwa. Niliona kama naitwa mwizi kwa adabu.

(Ukweli ni kwamba baadhi ya wenzetu walikuwa wanauza. Tuendelee.)

Siku moja akaja Mama Numbi, mchuuzi wa samaki wakavu wa Pweto. Binti yake Numbi alikuwa na miaka miwili, kilo kumi na mbili, malaria imempanda mpaka degedege. Nikampa nusu ya ampuli aliyokuja nayo mama, ndani ya seramu, yaani dripu kama mnavyoiita wengine. Mama akadai chupa yake, akaifunga kwenye ncha ya kitenge.

Kesho yake asubuhi akaleta ampuli nyingine mbili, kazipata kwa mchuuzi wa Mokambo. Kioo kilekile, ukubwa uleule. Nikavunja moja, nikavuta nusu, nikaingiza kwenye seramu, matone yakaanza kushuka.

Nikampa chupa kwa madoido.

"Kamata, mama. Usiseme miye njo nilikunywa dawa yako."

Hakucheka. Alifungua kitenge, akaweka chupa ya jana na ya leo kwenye kiganja.

"Docta, angaria. Ya jana inaandikwa 250. Ya leo 600."

"Ile iko namba ya usine, ya kiwanda, mama."

"Miye nauzisha samaki. Namba ikibadirika, na kintu inabadirika."

Nikatazama, ili tu anyamaze.

Ya jana: miligramu 250 katika mililita mbili. Ya leo: miligramu 600 katika mililita mbili zilezile. Nusu ya jana ilikuwa 125. Nusu ya leo ni 300!

Nilifunga seramu kabla sijavuta pumzi. Zilikuwa zimepita dakika chache. Kwinini ikizidi hushusha sukari na kuvuruga moyo, na mtoto aliyezidiwa na homa hawezi kukuambia kwamba masikio yanamlia.

Sasa sikieni sehemu ya aibu.

Mama yule hakujua nimefanya nini. Ningeweza kusema seramu imeziba, nikabadilisha chupa ya seramu, nikabaki na u-Docta wangu. Nililifikiria hilo, wakuu. Nililifikiria vizuri kabisa.

Kisha Numbi akarusha mguu. Nikakimbia kumwita Titulaire, mama aliyekuwa muuguzi mkuu wetu, nikasema yote mbele ya mama mtoto.

Titulaire hakupiga kelele. Alitundika seramu ya sukari, akasikiliza moyo wa mtoto, halafu akanigeukia.

"Ampule haiko dose. Dose njo milligrammes, na kilo ya mutoto. Rudiria."

Nikarudia kama mtoto wa darasa la kwanza, wagonjwa wote wanasikiliza.

Mama Numbi alisema neno moja tu: "Kaa apa. Usitoke."

Nikakaa. Nilihesabu mapigo ya moyo mpaka vidole vikafa ganzi. Niliogopa kuliko siku za risasi. Mchana Numbi akafungua macho, akalia anataka maji, akayanywa, akanitapikia koti zima. Sijawahi kufurahia uchafu namna ile.

Saa ya dawa ilipofika, mama yake alinifuata mpaka mezani.

"Soma. Nasikia."

Nikasoma kwa sauti ile ampuli ya pili: kwinini, miligramu 600, mililita mbili. Mtoto kilo kumi na mbili, anahitaji 120. Nikavuta mililita sifuri nukta nne, hata robo ya ampuli haikufika. Nikamwonyesha sindano. Akaikagua kama anavyokagua mizani ya mchuuzi mwenzake.

Halafu akaenda kukaa kando ya mwanawe, akamshika mkono ili asitikisike, akaniambia, "Bon. Kuya." Yaani haya, njoo.

Nilichojifunza: jina la dawa halitoshi, na ukubwa wa chupa hauna maana yoyote. Soma miligramu, soma mililita, mpime mtoto, kisha piga hesabu kwenye karatasi. Na ndugu wa mgonjwa akiuliza, mjibu. Usimtanie kama mimi.

Wauguzi wenzangu, semeni kweli: nani humu bado anahesabu kwa ampuli? Andika hapa chini bila kuogopa kuchekwa. Foleni ya kuchekwa inaanzia kwangu.