Grisi Nyeupe Niliyoikataa

Posa yangu ilimaliza mbuzi watatu badala ya mmoja, blanketi mbili ambazo hazikuwa kwenye mpango, na koili moja ya gari niliyoitupa ikiwa nzima kabisa. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, na jibu ni lile lile. Chanzo chake kilikuwa kipakti cha grisi ambacho bei yake haikuzidi soda moja.

Bado naiona ile asubuhi katika duka la spea mjini Arusha. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na pikapu kuukuu niliyoinunua kwa kumchosha mwenyewe mpaka akakubali bei yangu ili nimwondokee. Kidude chake cha elektroniki, kile kinachoamuru plagi zitoe cheche, kilikuwa kimekufa. Mama mwenye duka akanipa kingine, na juu yake akaweka kipakti kidogo cha grisi nyeupe. Akaniambia inapakwa chini ya kidude kabla ya kukifunga. Mimi nikaona mtego. Wauzaji nawajua: ukiwabana kwenye bei, wanakutafutia kitu kidogo cha kukuuzia pembeni.

"Toa hiyo," nikamwambia, "na unipunguzie."

"Kijana, hiyo siyo urembo."

"Toa tu, mama."

Akatoa, akapunguza. Nikafunga kidude mwenyewe, gari likawaka papo hapo, nikarudi kwetu Ngaramtoni napiga mluzi.

Jumamosi yake wazee wangu walikuwa wanakwenda Akheri kuniposea. Nilimpenda binti wa Kimeru, Ndeshi. Kwao mgeni wa posa hupokelewa na shangazi wa binti, na wa Ndeshi alikuwa mama wa kanisani aliyevaa saa mkononi na kuiamini. Tuliambiwa saa nne. Mbele akakaa na mimi baba mkubwa wangu, msemaji wetu; nyuma wakakaa wazee wengine wawili na mbuzi. Tukavuka mji na foleni zake, tukapita Tengeru, na tulipoanza kupanda, gari likazima.

Nikafungua boneti. Plagi hazina cheche. Nikafunga kitambaa chenye maji kwenye koili, nikakaza nyaya, nikapuliza mpira wa mafuta, nikapuliza na visivyopulizwa. Baba mkubwa alikaa kwenye kiti chake akavuta ugoro. Alipokirudisha kikopo chake cha ugoro mfukoni, nikajaribu tena, gari likawaka. Nikaamini kitambaa ndicho dawa. Tulifika mchana, shangazi akatutazama, akatazama saa, akatuambia turudi wiki inayofuata na mbuzi wa faini na blanketi.

Wiki inayofuata nikafunga kitambaa tangu nyumbani. Gari likazima mahali pale pale. Sikungoja. Nikambeba mbuzi mabegani, nikapanda mlima kwa miguu kwenda kuomba radhi kabla saa ya shangazi haijasema. Nilifika natiririka jasho, mbuzi ananilalamikia sikioni. Nimeamkia tu, "Shikamoo shangazi," kabla hajaitikia, pikapu ikaingia uani nyuma yangu, baba mkubwa kwenye usukani, ametulia kama mtu anayetoka ibadani. Hakuna aliyejua nimechelewa kwa sababu gani, hata mimi. Faini ikaja ile ile, na shangazi akaongeza neno: "Mkichelewa tena, mtafungiwa lango. Binti yetu hawezi kuolewa na watu wasiojua saa."

Nikakirudisha kidude dukani. Yule mama akakipima juu ya meza, kikatoa cheche safi. Akakipima tena, nikazihesabu cheche mwenyewe. Kizima. Nikamwambia ameniuzia kitu chenye shetani. Akasema shetani hana duka hapa. Basi kama si kidude, nikanunua koili mpya kwa jirani yake, ya zamani nikaitupa. Sasa nilikuwa nimebadilisha karibu kila kitu na sielewi chochote.

Jumamosi ya tatu gari likazima pale pale. Nikashika mlango nishuke. Baba mkubwa akanishika mkono.

"Ero, kijana wangu, kaa. Leo hakuna kugusa."

"Baba mkubwa, saa nne hiyo imefika."

"Kaa."

Akatoa ugoro wake taratibu. Mimi nilikuwa namwona Ndeshi akiolewa na mwalimu fulani wa pale Usa, jirani na kwao. Alipokirudisha kikopo akasema, "Washa." Likawaka. Mikono yangu ilikuwa safi, kitambaa hakipo, na nilichanganyikiwa kuliko siku zote.

"Mara ya kwanza ulipuliza, likawaka," akasema. "Mara ya pili ulikimbia na mbuzi, likawaka. Leo hukufanya kitu. Hicho kidude kikipata joto kinakufa, kikipoa kinafufuka. Yule mama alikipima kimepoa. Hebu niambie, alipokuuzia, hukuacha kitu dukani?"

Nikamweleza habari ya grisi. Nilipokuwa nasimulia ndipo nikaelewa: kumbe ndiyo inayopitisha joto la kidude liende kwenye chuma cha gari, kidude kipoe. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba hatujachelewa: safari hii shangazi alisema saa saba, ni yeye baba mkubwa aliyeniambia saa nne makusudi. Shangazi alitufungulia lango mwenyewe, na siku ile posa ikasikilizwa.

Jumatatu nilirudi kwa mama wa spea, nikalipa grisi bila kuomba kupunguziwa. Alishtuka.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ugonjwa wa joto usiupime kwenye baridi. Utafute wakati unauma, na ushike kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kabla hujaisifu dawa, jaribu mara moja kutokufanya kitu, uone. Na anayekuuzia akikwambia kitu kidogo ni cha lazima, muulize kinafanya kazi gani kabla hujambania. Mungu akupe safari zinazofika, akupe na mtu wa kukushika mkono unapotaka kushuka.

Ningeishia hapo. Lakini juzi nilipokuwa namsimulia mjukuu hesabu ya mbuzi watatu, Ndeshi akacheka jikoni. Akasema siku ile ya kwanza alikuwa ameshamwambia shangazi atakataa, kwa sababu alisikia mimi ni mtu wa kubania hela. Alibadili nia Jumamosi ya pili, aliponiona naingia uani na mbuzi mabegani. Gari lingefika saa nne, asingekuwa mke wangu.

Nimeipiga hesabu upya, mara mbili, na safari hii majibu hayafanani. Wewe uliyesoma, nishauri: ile grisi, nilikosea kuikataa, au sikukosea?