Mwizi wa Posti za Alhamisi

Dada yangu si mtu wa kusamehe, na mimi mdogo wake sijawahi kumlaumu kwa hilo. Ana miaka hamsini na miwili, goti lake la kushoto limechoka kwa kupanda na kushuka vilima, na kazi yake ni kukodisha mahema na kuwapeleka watu wa mjini kulala msituni mwisho wa wiki. Wateja humwita Mama Mahema. Kazi hiyo aliianza na mumewe, shemeji yangu, mtu mpole aliyeijua kila njia ya msitu ule mpaka na mizizi inayokwaza watu. Shemeji alipofariki, miaka sita iliyopita, stoo ilikuwa na mahema kumi na manane. Wiki mbili baada ya mazishi yalikuwa yamebaki saba.

Aliyeondoka na mengine ni Kamba. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuna fundo asilojua kulifunga. Alikuwa amefanya kazi na shemeji miaka tisa, akila mezani kwetu, na jeneza alilibeba yeye akiwa mbele kabisa, analia kuliko sisi wenye mtu wetu. Alisema shemeji alimwahidi yale mahema. Alipoulizwa nani aliisikia ahadi hiyo, akajibu kwamba aliisikia marehemu mwenyewe. Mwezi uliofuata akafungua biashara yake ng'ambo ya barabara, akitazamana na mlango wetu.

Mimi nafanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala, nyuma ya kituo cha mabasi. Ndimi niliyemfungulia dada blogu, maana kibao chake cha barabarani kilikuwa kikisomwa na mbuzi tu. Nilimwambia aandike kama anavyonisimulia mimi. Basi kila Alhamisi asubuhi akawa anaandika: njia ina tope wapi, mto umefika wapi, usiku alilala upande gani na nini alisahau kubeba. Mahali ambapo hajalala mwenyewe hakupaandika. Na hakuficha ubaya. Aliwahi kuandika kwamba mlango wa choo cha kambi ya chini haufungi, kwa hiyo ukiwa ndani imba, na wimbo uwe mrefu. Watu wakampenda kwa hilo. Ikawa mjini kuna watu wanaosubiri Alhamisi ndipo waamue Jumamosi watakwenda wapi, na simu ya dada ikawa haitulii.

Mwaka wa tatu mteja mmoja akamwambia dada, kwa huruma kabisa, kwamba ajabu ni kuwa Kamba naye anasumbuliwa na goti la kushoto. Tukafungua blogu ya Kamba. Goti lilikuwamo. Tope lilikuwamo, choo cha kuimbia kilikuwamo, kila neno mahali pake, isipokuwa namba ya simu. Na huyo mwenye goti bovu tulikuwa tumemwona wiki ileile akipanda kilima anakimbia, mtungi wa gesi begani.

Dada alivuka barabara akampa za uso mbele ya wateja. Kamba hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma dada zaidi. Alisema maneno ni ya watu wote, hata dada hakuyatengeneza yeye. Kuanzia hapo akajifunza uangalifu. Goti akalitoa. Popote dada alipomtaja marehemu mumewe, Kamba alimkata akaunganisha sentensi juu yake. Posti yetu ikitoka asubuhi, saa tisa alasiri ilikuwa kwake. Na kwa kuwa alikuwa na mahema mengi kuliko sisi, makundi makubwa yalikwenda kwake. Mahema yetu, maneno yetu, wateja wetu, na yeye anatupungia mkono kila asubuhi kutoka ng'ambo.

Tungeendelea kuumia hivyo hivyo kama si bwana misitu. Mwaka huu alitangaza kwamba uwanja wa juu, ule ulio karibu na maporomoko, utakuwa na kibali kimoja tu. Atakayeleta wageni wengi zaidi hadi mwisho wa kiangazi ndiye atakayepewa, na mwingine atafute pa kwenda. Uwanja huo shemeji aliutoa mawe kwa mikono yake, jiwe moja moja, kabla hata hawajanunua hema la kwanza. Dada akiukosa, angebaki na mahema saba na hana pa kuyapiga. Kufikia katikati ya kiangazi Kamba alikuwa amemwacha mbali.

Siku moja dada akaja dukani kwangu, ametulia. Utulivu wake huwa unanitisha kuliko kelele zake.

"Nitamwandikia Kamba posti," akasema. "Ya kwake peke yake."

Akanieleza. Kamba humkata mume kila anapomkuta. Sasa ataandika posti ambayo ni mume mwanzo mpaka mwisho, posti itakayoliza watu. Akimtoa mume, habaki na kitu. Akiiacha, wasomaji wake watauliza mbona Alhamisi hii kimya. Na maoni yatakuwa mengi mno, roho yake haitaweza kuiacha.

"Kwa hiyo atambadilisha," akasema.

"Atambadilisha awe nani?"

"Wewe unadhani nani?"

Nilipoelewa nilicheka hadi mteja aliyekuwa anasubiri nakala akachukua karatasi zake akaondoka. Mke wa Kamba alikuwa mzima wa afya, hana hata mafua. Ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na soko, na zipu zote za mahema, ya Kamba na yetu, ni yeye anayezibadilisha. Katika ugomvi huu hakuwahi kuwa upande wowote. Simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu, na blogu ya mumewe hakuwahi kuiona. Nakiri kwamba siku ile sikumfikiria yeye kabisa. Nilimfikiria Kamba tu, na aibu itakavyomkalia usoni.

Dada aliandika siku tatu. Aliandika juu ya safari ya mwisho ya shemeji, alipokuwa ameshakonda na kifua hakitaki pumzi, akaomba apandishwe uwanja wa juu akasikie maji. Dada alipiga hema mwenyewe, mumewe amelala pembeni kwenye mkeka. Alipomaliza, shemeji alitazama vigingi, akamwambia vyote amevipigilia vibaya, vimeinamia ndani badala ya nje, na kwamba hata akifa leo halali kwenye hema la namna hiyo. Kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Dada aling'oa vigingi kumi na viwili akavipigilia upya, na wakalala. Wiki mbili baadaye akazikwa. Hiyo ndiyo posti, na mwisho wake namba ya simu.

Kufikia adhuhuri watu wengi walikuwa wameandika kwamba wamelia kazini. Saa tisa hatukuona kitu kwa Kamba. Saa kumi hatukuona kitu. Saa kumi na moja dada akanipigia simu, sauti yake imejaa raha niliyokuwa sijaisikia tangu msiba.

"Amemuua," akasema.

Kamba alikuwa amemuua mkewe kwa kikohozi kilekile, kwenye mkeka uleule. Na tamaa ilivyo, akaongeza picha: mwanamke ameketi kando ya moto, anaonekana mgongo, amevaa gauni la maua. Mgongo ule sisi tuliujua.

Ila tulikosea hesabu. Tulidhani watu watamshtukia, maana posti mbili zinafanana. Waliotusoma sisi hawakumsoma yeye, na waliomsoma yeye walimwonea huruma. Mjane anayefanya biashara watu wamezoea kumwona. Mwanamume anayemlilia mkewe hadharani walimwona kitu kipya, wakamiminika. Wiki tatu mfululizo hakubakiwa na hema hata moja. Halafu ofisi moja kubwa ya mjini ikamwandikia kwamba watakuja wafanyakazi sitini, na watapandisha benchi la mbao kwenye uwanja wa juu kwa kumbukumbu ya marehemu. Bwana misitu akaalikwa, na kila mtu alijua kwamba siku hiyo ndiyo atakayokabidhi kibali. Dada alimpa Kamba sumu, Kamba akanenepa kwayo.

Ijumaa, siku moja kabla, dada akanituma nipeleke hema lenye zipu mbovu kwa fundi. Ndani ya hema niweke nakala ya posti ya Kamba, pamoja na picha na tangazo la hafla ya kesho. Nilichapa mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Fundi aliikuta karatasi alipokunjua hema. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, na nilipotaka kuaga akanionyesha kigoda. Alipomaliza aliitazama picha kwa muda.

"Hili gauni ninalo," akasema.

Aliuliza kesho ni saa ngapi. Nikamwambia saa nne. Kisha akairudisha karatasi ndani ya hema, akavuta cherehani karibu, akaendelea na zipu.

Jumamosi mimi na dada tulisimama kwenye njia, nyuma ya watu, tukijifanya wapita njia. Benchi lilikuwa zuri kweli, limepakwa vanishi, lina kibao cha shaba. Kamba alihutubia huku ameshika leso. Alifika kwenye vigingi, sauti ikamkatika mahali palepale ambapo na mimi nilikatikiwa nilipoisoma mara ya kwanza. Hapo ndipo mkewe alipotokeza nyuma yetu, akatupita bila kutusalimia, amevaa gauni la maua. Alitembea hadi mbele. Mkubwa wa ile ofisi, mwenye shada la maua mkononi, akamuuliza kwa adabu kama yeye ni ndugu wa marehemu.

"Mimi ndiye marehemu," akasema.

Watu walitazama picha kwenye simu zao, wakamtazama yeye, wakaomba ageuke. Akageuka. Kamba akatia leso mfukoni. Akamsogelea mkewe, akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo sote tuliisikia, kwamba ile ni lugha ya biashara tu. Mkewe akampita. Aliketi kwenye benchi, akamnyooshea mkono yule mkubwa.

"Nipe maua yangu," akasema.

Akapewa. Mtu mmoja akaanza kucheka, wengine wakaanza kukunja vitu vyao. Bwana misitu alifunga faili lake akalitia kwapani. Dada alikuwa ameubana mkono wangu hadi unauma. Hakuwa anamtazama yule mwanamke hata kidogo. Alikuwa anautazama uso wa Kamba, anaula kwa macho, na mimi pia nilikula fungu langu. Lilikuwa tamu, sitasema uongo.

Kibali tulipewa Jumatatu. Siku hiyo hiyo fundi akaja na hema letu, zipu imekaa vizuri. Nguo zake na cherehani alikuwa ameshavihamishia kwa dada yake wa kuzaliwa, na alisema hivyo kama mtu anayesema amebadilisha duka la kununulia sukari. Dada alimkaribisha kiti. Hakuketi.

"Ulipoandika yale, ulijua ataniua mimi?"

Dada angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Nilijua."

"Miaka yote hii nakushonea," fundi akasema. Kisha akauliza kama shemeji kweli aliyasema yale ya vigingi. Dada akasema ndiyo, aliyasema. Fundi akatikisa kichwa, akaweka hema mezani, akatoka, na tangu siku ile mahema yetu tunayapeleka mbali.

Sasa uwanja ni wetu na kila Jumamosi umejaa. Wageni wakifika, kabla hata ya kushusha mabegi, wanamuuliza dada kama ni hapa mumewe alipochekea. Anawaonyesha. Kamba amefunga biashara, na sijuti hata chembe. Nilimwambia dada hivyo juzi, tukiwa tunapigilia vigingi, ili afurahi.

Akaweka nyundo chini.

"Hakucheka," akaniambia. "Alinigombeza, akageukia upande mwingine, basi. Kicheko nilikiweka mimi, ili posti inoge, ili yule mwizi asiiache. Sasa kila nikimkumbuka mume wangu anacheka, na sura yake ya siku ile siipati tena."