Mapipa Aliyoyapaka Rangi

Jumanne asubuhi nilikuwa kwa fundi wa viatu hapa mjini Eldoret, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi, simu ilipolia. Aliyepiga ni mke wa mwanajeshi mstaafu ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wanamkumbuka, maana nilimwandika hapa miaka kadhaa iliyopita bila kumtaja jina, na leo pia sitamtaja. "Mwandishi," akasema, "rafiki yako ametuacha. Nimetoka kukamua nikapata ameenda." Nikasikia ng'ombe akilia nyuma yake. Kisha akaniomba niandike wasifu wa kusomwa siku ya mazishi, kwa sababu, alisema, mimi ndiye ninayejua maneno. Nilikubali pale pale, na nitaeleza jinsi nilivyoiharibu kazi hiyo.

Marehemu alikuwa koplo wa stoo. Alipelekwa nchi ya mbali na kikosi cha kulinda amani, na huko hakufyatua hata risasi moja. Kazi yake ilikuwa kunyunyizia mahema dawa ya wadudu kwa pampu ya kubeba mgongoni, kuosha vipuri vya injini kwa kitu chenye harufu ya kukata kichwa, na kusimamia shimo ambalo kila uchafu wa kambi ulichomwa humo, plastiki, betri na matairi. Glavu alipewa jozi moja, ikachanika wiki ya pili. Aliporudi nyumbani kwake, kijijini Ziwa, alikuwa na kikohozi kisichokwisha, na mikono iliyotetemeka hata kikombe cha chai kikawa kazi ya mikono miwili. Wenzake wanne wa stoo ile ile waliugua vivyo hivyo. Alichotaka, na alikitaka hadi mwisho, ni barua moja yenye sentensi moja, kwamba ugonjwa huu aliupata kazini, ili yeye na wale wanne watibiwe kama askari walioumia wakiwa kazini.

Basi ofisi husika ikampa fomu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja uliosema: Taja kemikali iliyosababisha ugonjwa. Koplo wa stoo, aliyesoma hadi darasa la nane, aambie dunia jina la kemikali! Alipoandika "dawa ya mahema", fomu ilirudi. Alipoandika "moshi", ilirudi. Alipoandika vyote pamoja, ilirudi na maelezo kwamba mstari ni wa jibu moja. Nilimsindikiza siku moja kwenye kongamano lililoitishwa katika hoteli moja mjini kujadili jambo hilo hilo, na sijapata kuona watu wenye afya njema wakibishana kwa raha namna ile. Mtaalamu mmoja alishikilia moshi. Wa pili alishikilia dawa ya wadudu, akamcheka wa kwanza. Wa tatu alisema ni vile vidonge vya malaria, wa nne akasema huenda si kitu chochote ila mawazo mengi. Walishangiliana na kuzomeana kama mashabiki wa mpira, wakasimama kwa chai na mandazi, wakarudi na nguvu mpya. Wagonjwa wenyewe walikuwa wameketi nyuma karibu na mlango wa jikoni, na kila koplo alipokohoa, mwenyekiti aliangalia saa yake. Jioni walikubaliana jambo moja tu, kwamba wakutane tena.

Kisha likaja lile jibu la mahindi. Ofisi iligundua, nadhani kwa kusoma anwani yake, kwamba mgonjwa huyu ni mkulima wa mahindi. Wakulima wa huku kwetu hunyunyizia magugu dawa. Basi, wakaandika, haiwezi kuondolewa dhana kwamba alijidhuru mwenyewe shambani. Mtu yeyote wa Ziwa angewaambia ukweli, lakini watu wa Ziwa hawakuulizwa. Koplo alikuwa kichekesho cha eneo zima kwa sababu hakugusa dawa ya shamba tangu arudi. Alipalilia kwa jembe, yeye na mkewe, mstari kwa mstari, huku majirani wakimaliza kazi kwa siku moja na kumpigia kelele kutoka ng'ambo ya ua: "Afande, hiyo vita itaisha lini?" Alikuwa akipalilia akiwa amepiga magoti, kwa kuwa kusimama kulimchosha. Mtu aliyekuwa anaogopa dawa kiasi hicho ndiye aliyeambiwa amejidhuru kwa dawa, tena kwa barua yenye muhuri.

Nilipokwenda kumwona baada ya barua hiyo, aliniketisha jikoni. Jiko lile lilinishangaza siku zote. Kila chombo kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa: CHUMVI, SUKARI, MAFUTA YA TAA, MAJI YA KUNYWA. Hata sotet, kibuyu cha maziwa ya mursik, alikifungia kijikaratasi, na mkewe alikuwa akilalamika kwamba wageni wanamcheka, kana kwamba nyumba nzima haijui maziwa yakoje. Siku hiyo nilimtania kuhusu maandishi yale. Hakucheka. Akaniambia jambo ambalo alikuwa hajamwambia yeyote wa ofisini.

"Mwandishi, hizo drami za dawa kule kambini zilikuja na majina," akasema. "Karatasi imebandikwa, kichwa ya mtu na mifupa iko hapo. Halafu tukaambiwa kuna mkubwa anakuja kukagua kambi. Afande akasema hataki kuona stoo inakaa kama soko. Kila kitu ipakwe kijani, ipewe namba."

"Nani alipaka?"

"Mimi. Nani mwingine? Siku mbili. Ile ya kwanza maandishi ilikuwa bado inaonekana kidogo, nikarudia mara ya pili." Alitazama mikono yake inayotetemeka. "Namba nilivuta na kamba ndio zisimame laini moja. Mkubwa alifurahi sana. Nilisifiwa mbele ya gwaride."

Yeyote aliyewahi kuishi karibu na kambi anajua ugonjwa huo wa rangi. Mkubwa akitarajiwa, mawe hupakwa chokaa, ndoo za mchanga hupakwa nyekundu, na kitu kisichoweza kuondoka kwa miguu yake hupakwa kabla hakijauliza kwa nini. Tangu siku ile daftari la stoo liliandikwa pipa namba tatu, pipa namba saba, na askari wakanyunyizia namba saba katika mahema waliyolala. Waliotoa amri ile ndio wale wale, au ndugu zao wa meza ya pili, wanaomwuliza leo namba saba ilikuwa nini. Na hawaoni haya. Koplo ndiye aliyeona haya, akaamini kosa ni lake, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuwaambia.

Mimi sina nafasi ya kujitoa katika dharau hii. Ile makala niliyoandika juu yake miaka ile niliiandika baada ya kongamano, kabla ya siku ya jikoni. Nilipima upande huu na upande ule, nikahimiza subira, nikasifu umuhimu wa utafiti zaidi. Nilijiona mtu mwenye busara sana. Yeye aliikata gazetini, akaihifadhi, na nilipomwuliza ameionaje alisema, "Umeandika vizuri. Umeandika kama wao." Nilicheka nikidhani ananisifu nusu. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakuwa akinisifu hata kidogo, na aibu hiyo bado ninayo.

Sasa niwaambie kuhusu ule wasifu. Niliuandika vizuri, nikaupeleka Ziwa siku moja kabla ya programu ya mazishi kuchapishwa. Mjane wake alikuwa akichambua maharagwe na wanawake wa kanisa. Alinisikiliza nikisoma habari za kuzaliwa, shule, jeshi, ndoa, mpaka nilipofika mahali niliposema marehemu "aliugua kwa muda mrefu, akayapokea mateso yake kwa ujasiri."

"Aliugua nini?" akauliza.

Nikasema hivyo ndivyo inavyoandikwa.

"Mwandishi, na wewe umepaka rangi?" Aliweka ungo chini. "Andika hivi: aliugua kwa sababu ya dawa alizopewa kazini, na wale walimpa hawajasema ni dawa gani. Basi. Hakuna mahali nimedanganya."

Kumbe koplo alikuwa amemwambia mkewe habari ya yale mapipa. Niliandika kama alivyotaka, neno kwa neno, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki huku wanawake wa kanisa wakinitazama. Siku ya mazishi niliisoma sentensi hiyo mbele ya watu, na mbele ya bwana mmoja mwenye suti aliyekuja na shada kutoka ofisi ile. Wale wenzake wanne, walioketi pamoja na kofia zao magotini, walisimama nilipofika hapo, bila kuambiwa na mtu, mmoja akishikwa mkono na binti yake. Baadaye bwana wa suti alinivuta pembeni akasema lugha ingeweza kuwa laini kidogo. Nilimwambia lugha laini nimeiandika miaka mingi na mtu wangu amekufa nayo mfukoni.

Wale wanne waliomba nakala za ziada za programu. Watazibana kwenye fomu zao, pale penye mstari wa kutaja kemikali. Sijui kama itawasaidia, lakini nimejifunza kwao jambo ambalo nilipaswa kulijua nilipokuwa bado na rafiki wa kumsaidia nalo. Aliyekuamuru ufunike jina akirudi kukuuliza jina, usikae ukajikuna kichwa na kuona haya. Mrudishie swali lake, kwa maandishi, na umwachie mstari mmoja wa kujibu.