Njema Niliyoituma kwa Jina la Marehemu

Duka lile lilikuwa Msambweni, chumba kimoja cha mawe kilichopakana na fundi cherehani, nalo halikuwa na kibao. Aliyelihitaji alilijua. Mwenyewe alikuwa Mdigo wa makamo aliyerudi kutoka vita vya Burma na ujuzi wa simu ya upepo, na katika miaka ile ya hamsini sikumjua mwingine upande wetu wa kivuko aliyeuza vyombo vya wapenzi wa redio, wale watu waliozungumza wao kwa wao hewani kwa starehe yao tu, si kwa kazi ya serikali. Aliuza vali, zile taa ndogo za kioo za ndani ya redio, zilizofungwa makaratasini kama mayai, nyaya za shaba, betri za asidi, visikizi vya kuvaa kichwani, na mitambo mikuukuu ya jeshi. Wateja wake walikuwa wachache: Mzungu wa mashamba ya miwa, daktari mmoja, ndugu wawili wa Kihindi waliokuja kwa baiskeli kutoka Ukunda. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule, mwenye mshahara mdogo na majivuno makubwa.

Kanuni ya duka ilikuwa moja: redio hainunuliwi kwa macho. Mteja alikalishwa kwenye benchi, akavishwa visikizi, akaachwa asikilize mpaka kahawa iishe birikani. Aliyekuwa na haraka aliambiwa aende akanunue sufuria. Mimi nilikwenda mwezi mzima, kila siku baada ya sala ya alasiri, nikijaribu mtambo huu na ule bila kutoa neno la kununua.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "wewe wanunua redio au waposa? Maana ingekuwa posa, sasa tungekuwa twala ubwabwa."

"Nachagua, ami."

"Mchagua jembe si mkulima."

"Nami si mkulima, ami."

Fundi cherehani alicheka ng'ambo ya ukuta, na mwenye duka akaniongezea kahawa. Ndivyo tulivyokuwa.

Siku iliyofuata nilikuta mezani mtambo nisiopata kuuona. Ulikuwa umetunzwa kwa namna ya mtu anayependa: mbao zake zimepakwa mafuta, vifundo vyake vimefutwa, na ubavuni herufi chache zimeandikwa kwa rangi nyeupe kwa mkono uliotulia. Ulikuwa mali ya karani mstaafu wa idara ya simu, mtu wa kijiji cha Bodo, aliyefariki kwa homa wiki mbili kabla. Nduguye aliuleta uuzwe. Marehemu alikuwa miongoni mwa wachache sana wa kwetu waliopewa leseni ya kutuma, na herufi zile nyeupe ndizo zilizokuwa jina lake hewani. Kila mwenye leseni alikuwa na zake, hazifanani na za mtu mwingine duniani.

Nilivaa visikizi. Mwanzoni nilisikia mvumo tu, kama mchele unaopepetwa. Kisha zikaja nukta na mistari, alama za mlio zinazosimama badala ya herufi, nyembamba, zenye subira. Kabla ya ualimu nilikuwa nimesomea kazi ya simu mwaka mmoja, kwa hiyo mkono wangu ulianza kuandika wenyewe. Herufi zilikuwa zile zile, zikirudiwa mara tatu, kisha kimya kama cha mtu anayetega sikio, kisha zikirudiwa tena. Nilimsogezea mwenye duka karatasi. Aliisoma, akatazama ubavu wa mtambo, akaweka kikombe chini.

"Anaitwa yeye," akasema.

Nje kulikuwa na jua kali. Cherehani ilikuwa ikikimbia, mama mmoja alikuwa akibishana na muuza bamia. Na pale masikioni mwangu, katikati ya mchana mweupe, mtu alikuwa akimwita maiti kwa upole, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo.

Kesho yake, saa kumi na nusu, aliita tena. Na kesho kutwa.

Mwenye duka alimjua mwitaji kwa sifa tu. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Ngazija, ng'ambo ya bahari, naye na marehemu walizungumza kila siku saa hiyo kwa miaka sita, kwa Kiswahili, bila kuonana hata mara moja. Anwani yake? Marehemu alikuwa na kadi zake za posta kwenye kasha la mbao, na mchwa walizila kabla ya mwenyewe kuzikwa. Zilizosalia ni herufi, na herufi hazibandikwi stempu.

Habari hizi zilimfikia mjane kupitia mke wa mwenye duka. Akatuita. Alikuwa bado ndani ya eda, kwa hiyo tuliketi ukumbini, yeye akasema nasi nyuma ya pazia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Ni kweli aitwa?"

"Ni kweli, mama," akajibu mwenye duka.

"Tangu siku gani?"

"Hatujui. Sisi tumemsikia siku nne."

Mjane akasema, "Nyinyi wanaume mlimfukia mkarudi mkala. Huyu yu pale pale kila siku anamwamsha. Maiti atapumzika vipi? Mwambieni. Apewe tanzia yake kama watu wengine waliompenda."

Mwenye duka alikohoa. Alieleza kwa adabu kwamba leseni ilikufa na mwenyewe, kwamba mtu asiye na leseni akituma afungwa, na kwamba siku zile za Hali ya Hatari askari walikuwa wakihesabu hata nyaya dukani. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "tanzia huombewa leseni?"

Tuliaga. Tulipofika barabarani mwenye duka akasimama. "Mara moja tu," akaniambia. "Maneno machache. Na utagonga wewe, maana vidole vyangu viwili viliachwa Burma."

Siku ya pili alifunga mlango nusu, akafungua sanduku lenye kufuli, akatoa kigongeo, kile kijikono cha shaba kinachobonyezwa kutuma nukta na mistari. Alikuwa hakionyeshi kwa mteja asiyekuwa na leseni mkononi. Aliniandikia maneno kwenye karatasi: *Amefariki. Tumemzika. Mwombee.* "Hayo tu," akasema. "Usikae barazani kwa watu."

Saa kumi na nusu mwitaji akaja. Nikaingoja nafasi yake ya kimya, nikagonga herufi za marehemu kuonyesha kwamba nimesikia.

Kisha nukta zikamiminika, mtu akikimbia hata akijikwaa, nami nikiandika. *Alhamdulillahi. U hai. Nimekuita siku kumi na tisa. Mkono wako mzito leo, si mkono wako. Waumwa? Habari?*

Hapa sina budi kusema jambo ambalo msomaji wa pwani analijua katika mifupa yake. Kwetu mtu akiulizwa habari hujibu njema. Anaweza kuwa ametoka kumzika mamaye asubuhi hiyo. Atajibu njema, atashukuru, ataketi, ndipo atakapotoa lililomleta. Kumtupia mwenzako kifo mlangoni, kabla hajapumua, ni ushenzi. Nililelewa hivyo, nami nimewalea wanangu hivyo, na sioni haya kwalo.

Basi aliponiuliza habari, vidole vyangu vikajibu *Njema*.

Mwenye duka, aliyekuwa akisoma juu ya bega langu, alinishika mkono. "Wafanya nini! Toa lililoandikwa!" Nilianza herufi ya kwanza. Vali zilizokuwa ziking'aa ndani ya mtambo zikapungua rangi, zikawa kama kaa la jiko linalokufa, zikazima. Betri ilikuwa imekwisha, na zile za kuuzwa zilikuwa hazijatiwa asidi wala umeme. Kusikiliza hakuigharimu sana. Kutuma kuliinyonya mpaka tone la mwisho.

Tuliketi pale wawili. Fundi cherehani akauliza ng'ambo ya ukuta kama kuna jambo. Mwenye duka akamjibu, "Hakuna." Na hilo nalo lilikuwa njema ya aina yake.

Betri ilipelekwa kwenye mtambo wa umeme wa mashamba ya miwa kujazwa, ikarudi siku ya tatu. Tuliiunga saa kumi na nusu. Mwitaji alikuwapo, lakini hakuwa akiita. Alikuwa akizungumza na mwingine, mtu wa mbali ambaye majibu yake hatukuyapata. Niliandika maneno yake: *Nimempata rafiki yangu. Nilidhani amekufa. Yu mgonjwa mkono wake mzito lakini yu hai. Amesema njema.*

Nikamwomba mwenye duka kigongeo. Hakuwa nacho. Asubuhi ile ile polisi alikuwa amepita kuuliza habari za mtambo wa marehemu, naye alikwishachukua kigongeo pamoja na sehemu yote ya kutuma. Sehemu iliyobaki ilisikia tu. Nikainunua. Ndiyo redio niliyoitafuta mwezi mzima, nami niliichukua kama mtu achukuaye maiti asiye wake.

Nilikwenda Bodo kumweleza mjane. Nilimweleza yote, na hilo pekee katika kisa hiki silijutii. Nyuma ya pazia sikusikia kilio.

"Basi umemfufua mume wangu," akasema mwishowe. "Mimi naketi eda hapa, na huko Ngazija mimi si mjane."

"Nitamwandikia, mama. Nitaipata anwani yake."

"Uipate, mwanangu."

Niliandika barua kwa ofisi iliyokuwa ikisimamia leseni, nikaomba anwani ya mwenye herufi zile. Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotaraji. Halikuwa na anwani. Liliniuliza mimi ni nani, ninayo leseni gani, na herufi hizo nimezisikia kwa chombo gani na wapi. Nikaisoma barua ile mara nyingi, nikaitia ndani ya kitabu, kitabu nikakirudisha rafuni. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na wazazi. Nimesoma mengi tangu siku zile juu ya ushujaa na juu ya wajibu, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba hofu ya mwalimu ni nyepesi mizanini kuliko hofu ya mtu mwingine.

Wakati huo wote mtu wa Ngazija alikuwa akiita. Baada ya furaha ya siku zile chache alirudi kuziita herufi za marehemu mara tatu tatu, na safari hii aliongeza maneno: *Mbona kimya? Nimekukosea nini?* Nilimsikiliza chumbani mwangu kila alasiri. Wanafunzi wakipita dirishani walinisalimu, nami niliitikia, na masikioni mtu alikuwa akimwomba radhi marehemu kwa kosa lililokuwa langu.

Eda ilipokwisha, mjane alikuja kwangu pamoja na mke wa mwenye duka. Sikuwa nimemwona uso kabla ya siku ile. Hakutaka kahawa. Alisema amekuja kusikia. Nikamvisha visikizi juu ya buibui lake, nikamwonyesha mahali pa kuketi. Saa kumi na nusu ilifika. Alisikiliza, macho ameyaelekeza ukutani.

"Jina la mume wangu ni lipi humu?"

Niligonga mezani kwa kidole, nikizirudia herufi za marehemu, mpaka alipoitikia kwa kichwa kwamba amelijua. Akangoja liitwe tena. Lilipoitwa, akainama kidogo mbele kwa adabu, kama anayesema na mtu aliyeketi karibu.

"Hayuko, baba. Ametangulia mbele ya haki. Alishikwa na homa siku tatu, hakuteseka sana. Tumemzika kwetu Bodo. Hakukukasirikia. Nasi twakupa pole, maana nawe umefiwa."

"Mama," nikasema, "chombo hiki husikia tu. Hakisemi."

"Najua. Sikukuuliza."

Alivua visikizi taratibu, akaviweka mezani, akalitengeneza buibui lake. Siku zote alikuwa ameniita mwanangu. Mlangoni akageuka.

"Mimi tanzia yangu nimeitoa, mwalimu. Isipomfikia, si juu yangu tena. Ni juu yako."

Alipokwisha kutoka, visikizi vilikuwa vimelala pale mezani, sauti ya mwitaji ikitoka nyembamba kama ya mdudu ndani ya mbao. Sikuzima. Niliketi nikamsikiliza mpaka alipochoka mwenyewe, na kesho yake nikaketi tena.