Kimuhuri cha Mchonga Mbao

Mdogo wangu Balqis ana kichwa kigumu, nnalisema hili mapema ili usije ukamwonea huruma bure. Miaka kumi na tisa alikuwa akitia picha fremu katika karakana moja ya mtaa wa Ghala, mwanamke peke yake kati ya mafundi wanaume, na hakuna aliyemzidi mkono.

Mwezi wa Machi bwana mmoja mkubwa, Nasr, akaleta picha ya zamani ya Kijapani, iliyochapwa kwa mbao za kuchonga. Alikuwemo mwigizaji wa kabuki, michezo yao ya jukwaani, uso kaupaka weupe, macho kayatoa, mdomo kaubinua kama aliyelambishwa shubiri. Fremu ya dhahabu bwana kaja nayo mwenyewe, ila picha ilizidi vidole viwili kwa chini.

"Ikate," akasema.

Balqis akamwambia haikatiki, maana pale chini pana kimuhuri cha mchonga mbao. Nasr akacheka. Nani atamtazama mchongaji? Watu watamtazama mwigizaji.

"Nywele za huyu mwigizaji, bwana, kuna mtu kazichonga kwenye ubao unywele mmoja mmoja," Balqis akasema. "Nafasi aliyopewa ya jina lake ni hii tu. Mimi siikati."

Asaad, mwenye karakana, akaja mbio. Akamwambia akate, au akusanye vitu vyake aende. Balqis hakukata, wala hakukusanya kitu. Basi Asaad akakamata kisu mwenyewe, akaweka rula. Mdogo wangu akalaza mkono wake pale pale pa kukatwa.

"Kata," akasema. "Anza na vidole."

Asaad kikamshinda kisu. Nasr akaondoka na picha yake nzima, na Balqis akaambiwa kazi hana tena.

Nilipokwenda kumchukua nilimfokea njia nzima mpaka Wattaya. Una miaka hamsini, kazi utaipata wapi? Rudi ukaombe radhi, yaishe. Mimi kuomba radhi nnakujua. Nimekaa wizarani Al Khuwair miaka ishirini na sita, nnaandika ripoti, wakubwa wanatia majina yao.

Akaniacha nimalize.

"Dada Lamya," akasema, "ripoti zako ngapi zina jina lako?"

Nikaegesha gari pembeni. Nikalia, wallahi, na aliyefukuzwa kazi ndiye aliyekaa akinibembeleza.