Mkate wa Kuotesha Ukungu

Leo nimefungua mfuko wa mkate uliosahaulika kabatini. Harufu ya ukungu ikanipanda puani, na hasira yangu ya zamani ikarudi.

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wa biolojia alituagiza tuoteshe ukungu nyumbani: uchukue kipande cha mkate, ukiloweshe kidogo, ukiache gizani mpaka kiote manyoya. Nikaficha changu nyuma ya gunia la makaa. Mama aliporudi kutoka kuuza nyanya mpakani, akakiona, akakikausha kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akampa mdogo wangu na chai.

"Mama, ile ilikuwa ya masomo!"

"Masomo gani ya kuozesha mukate? We, uko na akili kweli?"

Nikaficha kingine chini ya kitanda. Akakiona. Juu ya kabati, akakiona tena! Nililia kwa hasira. Nitapata sifuri kwa sababu ya mama asiyeacha kitu kioze?

Siku ya somo nilikwenda mikono mitupu, nikingoja kuchekwa. Mwalimu akapita kati ya madawati, amekunja uso.

"Bon, haya, mikate iko wapi?"

Hakuna aliyeleta hata kipande; kumbe cha kila mmoja kilikuwa kimeliwa nyumbani.

Mwalimu akachukua chaki, akatuchorea ukungu ubaoni.