Msomaji wa Tatu

Bi Sichana wa Miembeni, kule Ng'ambo, ni somo. Ndiye anayekaa na mwari siku za kabla ya harusi akamfundisha mambo ya unyumba. Wasichana wa mtaa mzima wamepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia siri yake ikimrudia kutoka dukani. Mama mzazi wa bibi harusi akijipitishapitisha mlangoni, Bi Sichana humtimua mbele ya watu: "Nenda kaangalie biriani yako, haya hayakuhusu!"

Siku hizi wari wake wanaolewa mbali. Ulfat aliolewa Maskati, akawekwa nyumba moja na mama mkwe na mawifi, simu haipigiki bila ya mtu kutega sikio. Kwa hivyo alimwandikia somo wake kwa barua pepe. Anwani hiyo Bi Sichana alifunguliwa na Kazija, mtoto wa mdogo wake, anayefanya kazi katika ofisi ya hoteli moja Shangani.

Asubuhi moja ilimjia barua ndefu ya Ulfat. Tangu aolewe, kila akikutana na mumewe ni maumivu matupu. Mume ameanza kununa, na mama mkwe ameshauliza mbele ya wageni kama bibi harusi huyu ni mzima. "Somo, nifanye nini? Sina mwengine wa kumuuliza."

Bi Sichana alikuwa na la kumwambia. Akashusha kidole kwenye simu aanze kuandika, na hapo chini ya barua akaona vijisanduku vitatu vyenye maneno yasiyokuwa ya Ulfat wala yake: "Pole sana." "Umemwona daktari?" "Nitakujibu baadaye."

Akaigeuza simu kifudifudi mkekani, mithili ya mtu aliyefumaniwa. Umemwona daktari? Nani aliyejua kuwa mtoto anaumwa?

Kazija alipokuja baada ya alasiri alimkuta amejikunyata, chai imepoa.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba. Njoo unambie, nani aliyesoma barua yangu?"

Kazija alitazama. "Aa, hivi? Hakuna mtu, mamkubwa. Ni mashine tu, inakusaidia majibu."

"Mashine imeshaolewa?"

"Haijaolewa."

"Basi inamfundisha nini mwari wangu? Na ni mashine ya nani?"

"Ya kampuni."

"Kampuni ya nani?"

"Mamkubwa, nami ntajuaje? Hawa wako Ulaya, Marekani, huko. Lakini wewe mwenyewe uliwakubalia."

"Mimi? Lini?"

Kazija akamkumbusha lile tangazo lililokuwa likimjia kila akifungua barua zake, la masharti mapya. Bi Sichana alilikumbuka vizuri. Lilikuwa refu, nusu yake haifahamiki, na kila lilipomjia alilifunga bila ya kujibu kitu. Kwa akili yake alikuwa amekataa.

"Limeandikwa, ukiendelea kutumia bila ya kusema kitu, umeridhia."

Bi Sichana akainuka kwa magoti yote mawili. "Kunyamaza ndiyo kuridhia? Kwani mimi mwari? Mwari ndiye anayeulizwa na walii wake akainamisha kichwa, ikawa amekubali. Mimi nshaolewa mara mbili, wa kwanza nimemzika, wa pili nimemrejesha kwao. Mwanamke kama mimi haozwi mpaka atamke kwa mdomo wake!"

Kazija alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Lakini Bi Sichana hakuwa akifanya mzaha, na alikuwa na haki. Anayenunua nazi sokoni Darajani hupewa nafasi ya kuitikisa kwanza. Hawa wa kampuni waliingia katika siri za watu kwa kuhesabu ukimya wa mwanamke ambaye hawakumuuliza kwa lugha anayoifahamu, na wakauita ukimya huo ruhusa.

Kazija alipoacha kucheka alibonyeza huku na huku, vijisanduku vikaondoka.

"Haya, nimevizima."

"Sasa hawasomi?"

"Sasa huvioni."

"Kazija, nimekuuliza, hawasomi?"

Msichana akaitazama simu, kisha akamtazama mamkubwa wake. "Hapo sijui. Wanasema tuwaamini."

"Wanasema wao wenyewe?"

"Wao wenyewe."

Kazija alipokwenda zake, Bi Sichana alibaki na simu mkononi. Akijibu, anaitoa siri ya mwari. Asipojibu, mwari anaangamia. Mwisho akaandika: "Mwanangu, nimegundua kuwa huku hatuko wawili. Wako wanaosoma, siwajui, na Kazija naye hawajui. Nikujibu au ninyamaze?"

Jibu lilikuja kabla ya magharibi. "Somo, hapa hata kulia nalilia bafuni. Hao wasomaji wako mbali. Mama mkwe yuko chumba cha pili. Nijibu."

Akaandika kwa kidole kimoja, yote, wazi kama anavyosema chumbani: asijikaze, amwambie mume asubiri, amtafute daktari wa kike aangaliwe. Alipomaliza akalifuta jina la Ulfat, angalau lisionekane. Halafu akaliona limeandikwa juu, pamoja na anwani, mahali ambapo kidole chake hakikuweza kulifuta. Akalirudisha, maana alikuwa amempunguzia mtoto heshima bila ya kumzidishia sitara.

Akabonyeza kutuma. Ikenda. Kwa nani na nani, hakujua.